Risasi za Kusubu na Zilizovikwa Shaba: Mambo ya Kufahamu kwa Wamiliki wa Bunduki za Uwindaji Ngara na Biharamulo

Na Mwandishi Wetu

Katika Kiswahili, neno risasi hutaja metali laini na nzito, na pia kitu kinachofyatuliwa kutoka katika mtutu wa bunduki. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili havikutengana, kwa kuwa vichwa vya risasi vilisubiwa kwa metali hiyo. Leo mmiliki halali wa bunduki ya uwindaji hukutana na aina mbili kuu, na tofauti zake zinagusa shabaha, afya ya mlaji wa nyama na sheria.

Aina na matumizi

Risasi ya kusubu hupatikana kwa kuyeyusha metali hiyo, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, na kuimimina katika kalibu. Kwa kuwa ni laini, ikisukumwa kwa kasi kubwa huacha masalia katika mifereji ya mtutu na shabaha hupungua. Hivyo hufaa zaidi bunduki za kasi ndogo.

Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi alibuni risasi iliyovikwa shaba. Baruti isiyo na moshi ilipoenea miaka iliyofuata, vazi hilo likawa la lazima kwa bunduki za kasi kubwa. Risasi yenye ncha laini iliyo wazi hutanuka inapompiga mnyama, hivyo humwangusha upesi. Iliyofunikwa kabisa au iliyo ngumu hupenya zaidi, na hutumiwa kwa wanyama wenye ngozi nene kama nyati.

Afya

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha metali ya risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Chembe zake hutawanyika katika nyama, hata mbali na jeraha, na kupika hakuziondoi. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kutupwa. Watoto na wajawazito ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Mvuke na vumbi la kuyeyusha metali hiyo nyumbani pia ni sumu kwa familia nzima.

Sheria

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inazuia kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Kumiliki bunduki kihalali hakumpi mtu ruhusa ya kusubu au kujaza risasi nyumbani. Gobole lililotengenezwa kienyeji bila kibali ni silaha haramu, hata kama limerithiwa.

Aidha, uwindaji wowote unahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Wakazi wa Ngara na Biharamulo wazingatie kuwa Mapori ya Akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, inayosimamiwa na TANAPA. Ndani ya hifadhi hiyo uwindaji hauruhusiwi, iwe kwa risasi ya aina yoyote.

Mwananchi ambaye shamba lake limevamiwa na wanyamapori atoe taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa Afisa Wanyamapori wa halmashauri. Mwenye gobole au risasi asizozimiliki kihalali awasiliane na kituo cha polisi kwa maelekezo ya kuzisalimisha. Mwenye leseni anunue risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa, zinazolingana na bunduki iliyoandikwa katika leseni yake.