Nani Analipia Kibarani?

Ukitoka kisiwani kwa matatu kuelekea Changamwe, ukishavuka Makupa utaona miti kando ya maji. Hapo ni Kibarani. Sisi tuliokulia Mombasa tulipajua kwa pua kabla ya macho. Kwa miaka mingi ndipo palipokuwa jaa la mji, na makanga hakuhitaji kutangaza steji.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 jaa likafungwa. Taka zikapelekwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa, miti ikapandwa. Mimi niliacha chuo, lakini maswali sikuyaacha: usafi wa mji hulipiwa na nani, na faida humwendea nani?

Kwenye karatasi jibu ni jepesi. Mwenye ardhi hulipa kodi ya ardhi, nayo husaidia kugharamia barabara, taa na uzoaji taka. Sheria ya uthamini ya 1956 iliweka njia ya kukadiria kiwanja kana kwamba hakina nyumba juu yake. Fikra yenyewe si mbaya. Kiwanja hupanda bei kwa sababu mji umekiletea barabara, si kwa jasho la mwenyewe. Basi na arudishe kidogo.

Ila Mombasa tuna letu: nyumba bila ardhi. Sheria ya 1908 ilitaka watu wa pwani wadai ardhi zao wapewe hati, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Mjini, wenye hati wakakodisha viwanja, wengine wakajenga juu yake. Nyanyangu ana nyumba Majengo, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja. Risiti anazo kopo zima la biskuti. Lakini kwenye daftari la uthamini jina ni la mwenye kiwanja. Pesa za nyanya zimo, yeye hamo.

Wakaazi wa Kibarani wasio na hati wako mbali zaidi na daftari hilo. Taka za mji mzima zilimwagwa mlangoni kwao.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi hii, na sheria mpya ya 2024 imechukua nafasi ya zile kuukuu. Sawa. Lakini mahali pakiacha kunuka, ardhi hupanda bei. Mwenye hati atavuna, na aliyevuta moshi wa jaa miaka yote huenda akaambiwa ahame. Kaunti ikidai kodi kutokana na bei hiyo mpya, itakuwa haki yake. Nami nasema shilingi za kwanza zianzie kwa hao waliovuta moshi: maji, vyoo, na karatasi yenye majina yao.