Kiswahili Katika Kioo cha Kompyuta

Mnamo mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwani mashine za kwanza zilikuwa zimemeza fedha nyingi pasipo kuleta faida iliyotarajiwa. Mwaka uliotangulia, huko California, mafundi wa kampuni ya Xerox walikuwa wameunda Alto, mashine iliyoonyesha madirisha na picha kiooni, ikaamrishwa kwa kipanya. Basi sura mpya ya kompyuta ilizaliwa wakati Tanzania ikifunga mlango, nayo ilisema Kiingereza.

Kwa mtoto wa Newala jambo hili si dogo. Kimakonde ndiyo lugha ya wazee wake. Mwenzake wa Masasi ana Kimakua au Kiyao. Kiswahili ni lugha ya pili, Kiingereza ya tatu. Mashine hiyo humtaka avuke mito miwili apate kuhifadhi barua moja.

Sera ya taifa ya teknolojia hiyo ilitolewa mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi na hesabu kwa Kiswahili. Programu ya asili ilikuwa huru, na maneno yake ya kiooni yalitengwa na mitambo ya ndani. Mfasiri aliyagusa hayo tu. Ugumu ulikuwa katika istilahi. Kenya ilipenda tarakilishi, Tanzania ikabaki na kompyuta. Na kiolesura, jina la uso wenyewe wa mashine, lajulikana zaidi kwa wanachuo kuliko kwa wautumiao uso huo.