Nakivubo: Nyumbani na Ugenini

Katika Kiswahili cha mpira yapo maneno mawili ambayo sisi walimu twayapita mbio, nayo ni nyumbani na ugenini. Timu hucheza nyumbani, au hucheza ugenini. Maneno haya yametoka katika maisha ya ukoo na makazi, yakaingia uwanjani pamoja na uzito wake wote: mwenyeji ana haki yake, na mgeni ana adabu yake. Historia ya uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, pamoja na ya klabu ya Villa iliyozaliwa hapo, yatuonyesha uzito huo.

Nakivubo ni bondeni, karibu na stesheni ya reli na soko la Owino. Kando ya uwanja hupita mfereji wenye jina hilohilo, uchukuao maji ya mji hadi eneo la viwanda, ukaambaa na mtaa wa Namuwongo, ukaingia kinamasini na hatimaye katika ziwa Viktoria. Reli nayo hupita Namuwongo. Kwa hiyo kibarua wa mtaa huo aliweza kufika uwanjani kwa miguu, pasipo kulipa nauli. Kwa mwenye gari jambo hili ni dogo; kwa mwenye kuishi kwa ujira wa kutwa, ndilo liamualo kama atautazama mpira au atausikiliza redioni.

Uwanja ulianza mwaka 1926. Katika miaka ya 1950 ulijengwa upya, ukaitwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita, kwa heshima ya Waganda waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, na sheria ikauweka chini ya wadhamini kwa niaba ya umma. Yafaa tukumbuke kwamba wengi wa askari hao walikuwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo lugha yake ya kambini ilikuwa Kiswahili. Hivyo kila shabiki aliyeketi pale alikuwa ameketi juu ya kumbukumbu, ajue asijue.

Mwaka 1975 vijana wa hapo waliunda timu iliyoitwa Nakivubo Boys. Baadaye iliitwa Nakivubo Villa, na mwishowe Sports Club Villa. Ilitwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mwaka 1991 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Huko Tunis ilifungwa na Club Africain mabao 6 kwa 2, na katika marudiano mjini Kampala zikatoka sare ya 1 kwa 1. Kombe lilikwenda Tunisia, lakini nyumbani Villa haikufungwa.

Mwaka 2017 uwanja wa kale ulianza kubomolewa ili mfanyabiashara Hamis Kiggundu aujenge upya, na wachuuzi wa soko la Park Yard lililokuwa ubavuni mwake wakaondolewa. Villa ikawa haina kwao. Mara ilicheza Namboole, nje ya mji, mara Bombo, mara Wankulukuku, ambako ni kwa Express, mpinzani wake wa jadi. Katika ratiba iliandikwa kuwa ipo nyumbani. Kwa hakika ilikuwa ugenini mara mbili.

Hata klabu tajiri huhama. Barcelona ya Hispania ilitoka Les Corts ikaingia Camp Nou mwaka 1957, na mwaka 2023 ikahamia kwa muda kilimani Montjuïc wakati uwanja wake ukijengwa, ikarejea Novemba 2025. Tofauti ni kwamba Barcelona ni mali ya wanachama wake, na Camp Nou ni ya Barcelona. Villa ilikuwa mpangaji. Mpangaji hata akikaa miaka arobaini, ufunguo si wake.

Uwanja mpya ulifunguliwa Aprili 2024, nao wachukua jina la Hamz. Mwezi uliofuata Villa ilitwaa ubingwa wake wa 17, baada ya kuukosa kwa miaka 20. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini hawakusema lolote juu ya ngama iliyobadilishwa jina. Uwanja mpya ni mzuri, na ule wa zamani ulikuwa umechakaa. Hayo hayana ubishi. Swali ni la umilikaji. Mwaka 2025 kazi ya kuufunika mfereji karibu na uwanja ilipoanza, ulizuka mjadala mkubwa mjini, na wakazi wa Namuwongo walikuwa na sababu ya kuusikiliza, kwa kuwa lifanyikalo juu ya mfereji huwafikia wao walio chini.

Basi mwalimu anapofundisha neno nyumbani, na asiishie kwenye kuta na paa. Na awaulize wanafunzi wake: ni nini kinachopafanya mahali pawe kwenu? Je, ni hati, ni jina lililoandikwa langoni, au ni ile njia iliyokanyagwa na miguu ya watu kwa miaka mingi? Historia ya Nakivubo yatuambia kuwa njia hiyo pekee haitoshi. Walioikanyaga wasipokuwa na kauli katika hati, siku moja watajikuta wageni pale walipozaliwa.