Barua za Babu Sandukuni: Kisa cha Mayahudi wa Andalus huko Seattle



Watoto wetu wakisikia neno "Mayahudi" hukumbuka Palestina tu. Tumeona wajue pia kisa cha Masefardi, yaani Mayahudi wa Andalus, ambao historia yao imefungamana na yetu.

Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu huko Uhispania, ilianguka Januari 1492. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo Ferdinand na Isabella wakatoa amri Mayahudi wote wasiokubali kubatizwa waondoke. Zamu ya Waislamu ikafuata, na vizazi vyao vilifukuzwa kati ya 1609 na 1614. Sultani Bayezid II wa dola ya Uthmaniya aliwapokea Mayahudi hao, wakakaa Istanbul, Salonika na baadaye kisiwa cha Rhodes. Kwa zaidi ya miaka 400 walizungumza Kihispania chao cha zamani, Ladino, wakakiandika kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Ukiisikia lugha hiyo utashangaa. Habari kwao ni "haber", mgeni ni "musafir", mgonjwa ni "hazino" (shina moja na huzuni yetu). Jumapili hawaiiti "domingo" kama Wahispania, maana neno hilo ni la Manaswara, siku ya Bwana wao. Wao husema "alhad", Kiarabu kitupu!

Mwanzoni mwa karne ya 20 umasikini na vita viliwatawanya. Kutoka Rhodes wengine walikuja Kongo, wakafungua maduka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wengine, kuanzia 1902, walifika Seattle, Marekani, wakauza samaki na kung'arisha viatu. Waliobaki Rhodes yaliwafika makubwa. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya watu wapatao 1,700 wakawapeleka Auschwitz, na walionusurika hawakuzidi sana 150. Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani hapo, Selahattin Ülkümen, Mwislamu, aliwakabili maafisa wa Kijerumani akidai kila mwenye uraia wa Uturuki aachiwe pamoja na familia yake. Akaokoa zaidi ya 40. Baadaye ndege za Kijerumani zilishambulia ubalozi wake, na mkewe aliyekuwa mjamzito akafariki kwa majeraha. Wazazi, kisa hiki wasimulieni watoto bila ya haraka.

Turudi Seattle. Wajukuu walikua na Kiingereza, Ladino ikabaki kwa bibi. Bibi akifariki, yanabaki masanduku ya barua na vitabu ambavyo hakuna nyumbani awezaye kuvisoma. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, Profesa Devin Naar, ambaye mwenyewe alijifunza Ladino ili asome barua za jamaa zake wa Salonika, akaziomba familia zitoe vilivyo kabatini na chini ya vitanda. Vikaja vitabu kwa mamia, vikapigwa picha ili yeyote aweze kuvisoma. Desemba 2013 chuo kikaadhimisha Siku ya Ladino, na wazee wa mji wakashiriki. Sisi hilo ndilo lililotugusa: msomi anajua herufi, lakini maana ya neno la jikoni anaijua bibi, na chuo kilikubali kumuuliza.

Na kwetu je? Kuanzia Mombasa hadi Ujiji na Kasongo wazee waliacha makaratasi ya herufi za Kiarabu. Baada ya matanga, vijana wakiyaona hudhani yote ni Qur'ani, basi huyachoma kwa heshima, kumbe nyingine ni barua ya babu kwa Kiswahili, au hesabu ya deni analodai mtu, au wosia wa shamba. Kabla ya kuwasha kiberiti, mwiteni maalim awasomee karatasi moja moja.