Vile Vichwa vya Mexico Si Vyetu, na Si Mbaya

Wasee, kuna ile stori haikosi kurudi mtandaoni: picha ya kichwa kikubwa cha jiwe kutoka Mexico, pua pana, midomo minene, na maandishi ati Waafrika walifika Amerika kabla ya Columbus. Mimi pia niliisambaza nikiwa kidato cha tatu, tena kwa kujigamba. Leo nameza maneno yangu.

Vichwa hivyo vilichongwa na Waolmeki, watu wa pwani ya Ghuba ya Mexico. Vinavyojulikana ni 17, na 10 kati yao vilipatikana San Lorenzo, mji uliostawi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Aliyeeneza sana hilo dai la Waafrika ni Ivan Van Sertima, kwa kitabu chake cha 1976. Lakini wanaakiolojia wamechimba miaka yote hiyo na hawajapata hata kigae kimoja cha Afrika. Na zile sura? Wenyeji wa Veracruz na Tabasco wanazo mpaka leo.

Kinachonishangaza ni kwamba safari za mbali zilikuwepo kweli, ila zilikuwa zao wenyewe. San Lorenzo hakuna mawe makubwa karibu. Basalti ilitoka milima ya Tuxtla, kama kilomita 60 hivi, na kuna vichwa vinavyopita tani 20. Hawakuwa na punda wala mkokoteni! Obsidiani, lile jiwe kama kioo linalokata kuliko wembe, ilitoka nyanda za juu za Guatemala. Vyungu vya San Lorenzo navyo vimefukuliwa hadi pwani ya Pasifiki.

Sasa jiulize: nani anaweza kuamuru umati uvute jiwe hivyo? Mimi naona ni yule aliyeshika njia za bidhaa. Mwenye vitu vya mbali ana cha kugawa, na ukipokea chake unabaki na deni. Pole pole jirani anageuka mkubwa wako.

Sisi tuliambiwa miaka mingi kwamba Gedi na Kilwa zilijengwa na wageni, babu zetu wakiangalia tu. Ilituuma, si ndio? Basi tukiwanyang'anya Waolmeki vichwa vyao tunawafanyia yale yale. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kufanya biashara na watu wa mbali hakumaanishi akili ilitoka huko. Si kwao, si kwetu.