Jua la Ikweta Ndani ya Kabati

Mwaka 1982, polisi wa mji wa Santa Clara, California, walipigiwa simu na mtu ambaye hakujitaja jina. Aliwaambia kuna jamaa anapanda bangi nyuma ya nyumba yake. Polisi wakaenda kuangalia. Walichokuta ni ua wa futi 6, na nyuma yake ua mwingine wa futi 10. Ukisimama chini, huoni kitu. Basi wakatafuta ndege ndogo, wakapaa futi 1,000 juu ya mtaa, na kutoka huko wakaiona mimea ikiwa imesimama wima kama mahindi.

Mwenye nyumba aliitwa Dante Ciraolo. Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Upeo ya Marekani, na mwaka 1986 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba polisi hawakukosea. Ukijenga ua, umejikinga na macho ya jirani. Anga ni ya kila mtu.

Miaka mitatu baadaye ikaja kesi nyingine, ya Florida. Huyu, Michael Riley, alikuwa na kibanda cha mimea chenye paa. Shida ni kwamba vipande viwili vya paa vilikuwa vimetoka, na helikopta ya polisi iliyopita futi 400 juu yake ikachungulia kwa pale palipo wazi. Mahakama ikasema tena: hiyo ni sawa.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sheria sikuisomea popote. Lakini kesi hizi ukizipanga kwa miaka, zinakuonyesha kitu ambacho video za mtandaoni hazikuambii. Leo unaona kijana wa Berlin ama Toronto akifungua zipu ya hema jeusi dogo, ndani kunang'aa kama karatasi ya kufungia chipsi, taa za LED juu, mimea miwili chini. Anaongea kama mtu anayeonyesha simu mpya. Kumbe lile hema lina historia, na historia yenyewe ni ya watu waliokuwa wakikimbia. Walitoka shambani wakaingia uani, wakatoka uani wakaingia kibandani, na kibandani wakaishia kabatini. Kila hatua kuna mtu alishikwa.

Kabla ya hapo, bangi nyingi iliyovutwa Marekani ilitoka nje, hasa Mexico. Mwaka 1969 serikali ya Nixon ilijaribu kuufunga mpaka kwa msako ulioitwa Operation Intercept. Magari yalipanga foleni ndefu, biashara ya kawaida ikakwama, na baada ya wiki chache mpango ukalegezwa. Katika miaka ya 1970, Mexico, kwa msaada wa Marekani, ikaanza kunyunyizia mashamba ya bangi dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati. Wavutaji wa Marekani waliposikia kwamba moshi wao unaweza kuwa na sumu, wengi wakaanza kujiuliza: kwani siwezi kupanda mwenyewe?

Waliopanda walikuwa kaskazini mwa California, kwenye milima ya Humboldt, Mendocino na Trinity, ambako vijana waliochoka na miji walikuwa wamehamia. Huko walijifunza kung'oa mimea ya kiume mapema ili ya kike isichavushwe. Mmea wa kike usiozaa mbegu huelekeza nguvu zake kwenye maua na utomvu, na utomvu ndio wenye kileo. Bangi hiyo iliitwa kwa Kihispania sinsemilla, yaani isiyo na mbegu, na bei yake ikapanda. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni iliyoitwa CAMP: helikopta juu, watu wenye mapanga chini, kila msimu wa mavuno. Ukiwa na shamba wazi, unangoja tu siku yako.

Ndiyo maana watu waliingia ndani. Ila ukiingia ndani unaacha jua nje.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1920, watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha kazi yao kuhusu aina fulani ya tumbaku iliyowasumbua. Wakati wa kiangazi ilikuwa inarefuka tu, majani kwa majani, bila kutoa ua. Walijaribu kila kitu. Mwisho wakaiweka mimea gizani kwa sehemu ya siku, wakaufupisha mchana wake, nayo ikachanua. Ikajulikana kwamba mimea mingi huhesabu urefu wa usiku. Bangi ni mmojawapo. Huko kaskazini hunenepa wakati wa kiangazi, siku zikiwa ndefu, na huchanua usiku unapoanza kurefuka.

Kwa mpandaji wa ndani, hiyo ni zawadi. Akiwa na taa na saa ya kuizima, anaamua mwenyewe lini kiangazi kinaisha. Kanuni iliyoenea, na ambayo bado inatumika kwenye yale mahema, ni saa 12 za mwanga na saa 12 za giza.

Hebu isome hiyo namba tena. Saa 12 kwa saa 12. Huo si msimu wa California wala wa Uholanzi. Huo ni mchana wa Nanyuki. Ni mchana wa Kisumu, wa Mombasa, mwaka mzima, ukiongeza dakika chache tu. Lugha yetu imejengwa juu ya mchana huo: tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza na tunaanza upya likizama, kwa sababu huku jua halibadilishi ratiba. Mzungu mwenye kabati, bila kujua, alinunua taa na swichi ili atengeneze saa za Kiswahili ndani ya nyumba yake.

Taa zenyewe mwanzoni zilikuwa kubwa na kali. Iliyopendwa zaidi ni ya sodiamu, ile ile iliyokuwa ikiwaka rangi ya chungwa kwenye barabara zetu kabla kaunti hazijaanza kuweka taa nyeupe. Inatoa mwanga mwingi, lakini pia joto jingi, na inakula stima. Na vifaa lazima uvinunue mahali. Hapo ndipo serikali ilipoingilia. Maafisa wa shirika la DEA waligundua kwamba maduka ya vifaa vya bustani yalikuwa yakitangaza katika jarida la High Times na lingine lililoitwa Sinsemilla Tips. Tarehe 26 Oktoba 1989 wakayavamia maduka hayo katika majimbo mengi kwa siku moja, wakachukua orodha za wateja, kisha wakaanza kufuatilia majina. Msako huo uliitwa Operation Green Merchant. Wako watu waliokuwa wamenunua taa ya kupandia nyanya tu, na majina yao yakawa mikononi mwa polisi. Sinsemilla Tips haikudumu baada ya hapo.

Halafu joto nalo likageuka shahidi. Usiku wa Januari 1992, saa tisa na dakika 20, maafisa wawili waliketi ndani ya gari huko Florence, Oregon, wakaelekeza kamera ya joto kwenye nyumba ya mtu aitwaye Danny Kyllo. Sehemu ya paa na ukuta mmoja vilikuwa na joto kuliko nyumba za jirani. Wakachukua hilo, pamoja na bili zake za stima na maneno ya watoa habari, wakaenda kwa hakimu kuomba kibali. Ndani walikuta mimea zaidi ya 100.

Kesi ilichukua miaka tisa. Mwaka 2001 Mahakama ya Upeo ikaamua, 5 kwa 4, kwamba kupima joto la nyumba ya mtu kwa kifaa ambacho raia wa kawaida hana ni upekuzi, na upekuzi wa namna hiyo unahitaji kibali kwanza. Aliyeandika uamuzi huo ni Antonin Scalia, jaji wa mrengo wa kulia ambaye hakuna mtu angemshuku kuwa rafiki wa bangi. Hoja yake ilikuwa nyumba. Alisema kifaa kama hicho kinaweza pia kuonyesha mtu anaoga saa ngapi usiku. Leo sheria ya faragha ya Marekani inamtegemea kwa sehemu jamaa aliyekuwa na taa nyingi kupita kiasi.

Taa za LED zilikuja kwa njia ambayo haikuhusiana na bangi kabisa. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962. Buluu ilisumbua watu miongo mitatu, mpaka Shuji Nakamura, akifanya kazi katika kampuni ya Nichia huko Japani, alipotangaza LED ya buluu yenye nguvu mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Jani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, kwa hivyo watafiti wa Wisconsin waliofadhiliwa na NASA walishaanza kuzijaribu taa hizo kwa ajili ya mimea ya angani. Mwaka 2015 wanaanga walikula saladi iliyokuzwa chini ya LED huko juu. Taa isiyochoma, inayokaa karibu na jani na kula stima kidogo, inatosha ndani ya chombo cha angani. Na kinachotosha humo kinatosha ndani ya kabati. Hilo ndilo lililozaa hema dogo.

Usidhani basi kwamba stima imekuwa bure. Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba upandaji wa bangi wa ndani ulikuwa unakula kama asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani. Mmea uliozoea jua ulikuwa unaishi kwa makaa ya mawe na gesi, kwa sababu tu jua lilikuwa na helikopta.

Sasa hesabu imebadilika, ila si kwa kila mtu. Tangu Aprili 2024, mtu mzima Ujerumani anaruhusiwa kukuza mimea mitatu nyumbani. Kanada iliruhusu minne kwa kila nyumba mwaka 2018, na mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kupanda na kutumia kwa siri yako mwenyewe si kosa. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Hema linauzwa dukani na risiti unapewa.

Huku kwetu, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayepanda. Neno bangi lenyewe lilitufikia kupitia Bahari ya Hindi, kutoka bhang ya India, muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2021 Marasta wa Kenya walienda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba wasikamatwe kwa kuitumia kwenye ibada. Na sisi pia tuna hadithi yetu ya ndege: mwaka 1999, shirika la wanyamapori lilipofanya uchunguzi wa Mlima Kenya kutoka angani, lilikuta mashamba ya bangi katikati ya msitu. Miti ilikuwa imekatwa ili mmea ufichwe. Mkulima wa hapo alilikimbia jicho la mtu wa barabarani akalikuta la angani, kama Ciraolo.

Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na pa kuingia. Hema na taa vinataka chumba chako mwenyewe, stima isiyopotea, na pesa za kununua vifaa kabla hujavuna chochote. Ukiwa kwenye bedsita ya mabati, unanunua tokeni za shilingi 50, landlodi ana ufunguo wa pili na harufu inapita chini ya mlango, faragha ya kina Scalia haikufikii hata kama ingekuwa sheria ya hapa. Katika hadithi hii yote, aliyeruhusiwa kujificha ni yule aliyekuwa na nyumba.

Sikuambii upande. Sheria unaijua na seli unazijua. Ila ukiona tena ile video, mtu akijisifu vile amepanga saa zake 12 kwa 12 na mimea imechanua vizuri, kumbuka anaiga mchana wa kwetu, ambao hatuulipii bili. Mmea huo ukiota hapa juani, bila waya hata mmoja, kwenye shamba la mtu asiye na wakili, ni miaka ya jela.