Lenzi Ndogo na Giza la Tembe

Ukipita Kanyenye, mjini Tabora, wakati wa alasiri, utawakuta wazee wamekaa barazani wakizungumza. Mwambie kijana mwenye kamera awapige picha. Jambo la kwanza atawaomba watoke kivulini wasimame juani. Jua likiwa limekwisha kuzama atawamulika na flashi, nao watatoka wamefumba macho, nyuso kama zimepakwa unga. Desturi hii ya kumtoa mtu mahali pake ndipo apigwe picha ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa hapa Unyanyembe.

Speke na mwenzake James Grant walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Januari 1861. Grant ndiye aliyepangiwa kazi ya picha, na mwaka 1860 alikuwa amepiga kadhaa Zanzibar. Lakini picha za siku zile zilitaka kioo kipakwe dawa, kitumike kingali kibichi, kisha kisafishwe papo hapo ndani ya hema lenye giza. Kwa joto la bara Grant alishindwa. Akaiacha kamera, akashika rangi na karatasi.

Mwaka 1871 Stanley, akiwa Unyanyembe, alipewa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Akambadili jina, akamwita Kalulu. Picha yao mashuhuri ilipigwa mwaka 1872 studio, mjini London, mbele ya mandhari ya kubuni. Kalulu alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Sura yake tunayo kwa hisani ya London. Tembe la Kwihara, Stanley alilieleza kwa maneno na michoro tu.

Kikwazo kimoja kilikuwa mwanga. Tembe lina kuta nene za udongo na matundu machache ya kupitisha nuru. Lenzi nayo ni kama mlango: ukiwa mwembamba, mwanga unaingia kidogo na picha inahitaji muda mrefu. Joseph Petzval aliupanua sana mlango huo mwaka 1840, lakini kwa mpigwa picha wa studio aliyetulia kitini.

Kamera ndogo ya Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925 ilikuja na lenzi ya milimita 50. Urefu huo ukazoeleka kuwa wa kawaida, kwa kuwa haumvimbishi mtu pua wala haumvuti karibu kama darubini. Zilipokuja kamera za dijitali, nyingi za bei nafuu zilipewa kihisi, yaani kipande kinachopokea picha badala ya filamu, cha milimita 24 kwa 16 hivi, wakati filamu ilikuwa 36 kwa 24. Hapo lenzi ile ile ya 50 ikawa inaona eneo jembamba. Katika chumba kidogo mpiga picha anarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta.

Dawa yake ni lenzi ya milimita 35. Nikon walitoa ya kwao kwa kamera hizo mwaka 2009, yenye uzito wa gramu 200 na bei ya dola 200 hivi wakati huo. Namba ya mlango wake ni 1.8, na namba ikiwa ndogo mlango ni mpana. Ukilinganisha na lenzi yenye namba 4.5, inaingiza mwanga zaidi ya mara sita. Picha iliyohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikatoka imetikisika, sasa inapigwa kwa moja ya sitini. Haivuti wala haisukumi. Miguu yako ndiyo inayosogea. Tena uangalie: ikifunguliwa kabisa, jicho likiwa safi, sikio litafifia. Kwa hiyo lenga jicho.

Simu za leo nazo zimejifunza kupiga gizani, na si vibaya kuzitumia. La msingi ni kumwacha mzee kwenye kiti chake, mwanga wa mlangoni ukimwangukia, ukutani vikionekana vitu vyake. Kisha andika jina lake, mahali na mwaka, maana picha isiyo na jina ni yatima. Grant alishindwa na joto. Sisi tukishindwa, tutasingizia nini?